Mchungwa Nilioutia Chumvi

Msitupe vifuko vya barafu. Naanza na hilo kwa sababu najua nikiliweka mwisho mtakuwa mmeshainuka. Vile vifuko virefu vyembamba ambavyo watoto hunyonyea barafu ya ukwaju kisha wakavitupa njiani, viokoteni, viosheni kwa sabuni, halafu vikateni tepe za upana wa kidole. Sijaona kitu kizuri kama hicho cha kufungia mche uliobebeshwa. Kinavutika, hakipitishi maji, na siku ya kukifungua haking'ang'anii ganda. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku visiwani kwetu, nimejaza kopo zima la maziwa ya unga hapa nyumbani Kengeja, na wajukuu wangu wanaamini bibi yao anakula barafu kwa siri.

Jina langu Mize. Watu huniita Bi Mize wa Kitalu, ingawa kitalu nimekiacha mwaka juzi nilipostaafu. Kwa karibu miaka thelathini kazi yangu ilikuwa moja: kuchukua jicho la mti mtamu, kile kichipukizi kidogo cha tawini, na kulitia katika mti mwengine wenye mizizi yenye nguvu. Mchungwa juu ya mlimau, mwembe boribo juu ya mwembe wa kawaida, na siku za karibuni hata mishokishoki. Wengine husema kuunga. Sisi kitaluni tulisema kubebesha, na neno hilo limenitia matatani kuliko kisu.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilirudi nyumbani na furaha zangu, nikasema mbele ya watu, "Leo Mzee Shaame kanifundisha kubebesha." Mama mkwe wangu alikuwa anapeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Nyie wenyewe mnajua neno hilo mitaani lina maana gani, mwanamke akibebeshwa.

"Kambebesha nani?" akauliza.

"Mlimau."

"Alhamdulillahi," akasema, na ungo ukaendelea.

Huyo Mzee Shaame ndiye aliyekuwa mkuu wa kitalu. Mwembamba, kofia ya kiua haimtoki kichwani, na kisu chake amekifunga kamba kiunoni asije mtu akakiazima. Kwa wiki sita hakunipa mti wowote. Alinipa kinoo na kisu, akaniambia ninoe. Nikinoa, anakichukua, anajaribu kunyoa vinyweleo vya mkono wangu wa kushoto. Kisiponyoa, narudi kwenye kinoo. Kikinyoa, nakwenda kukata vijiti vya muhogo kwa mshazari, mkato mmoja, bila kurudia. Mpaka nakabidhiwa mche wa kwanza, mkono wangu wa kushoto ulikuwa hauna hata unywele mmoja, na shoga zangu wananiuliza nimepaka dawa gani.

Nilikasirika sana siku zile. Nilimwona mzee mkorofi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kisu butu hakikati, kinaponda, na palipopondwa hapashiki. Kwa hiyo nikisema nunueni kinoo kabla ya kununua mche, msinione mkorofi.

Nilipopewa miche nikafanya kosa ambalo nalisema kwa sauti ili nyie mlifanye kimoyomoyo tu. Kitanda kizima cha milimau nilikitia macho kichwa chini. Jicho lina juu yake na chini yake. Ukilitazama vizuri utaona pale lilipokuwa jani, na jicho limekaa juu yake. Mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Mzee Shaame akapita, akatazama mche wa kwanza, wa pili, wa tano. Akatandika mkeka barazani.

"Mize, lala hapo. Miguu ipandishe ukutani. Haya, n'kuletee chai uinywe."

Sikuinywa. Nikafungua miche yote, nikaanza upya.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, na natumaini ndiyo sababu mnanisoma, mambo yenyewe si magumu. Panda kokwa za limau kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini. Subiri shina lifikie unene wa penseli. Mwagilia vizuri siku mbili tatu kabla, ili ganda liachie bila kung'ang'ania. Ukikata na ganda likagoma, usilazimishe, mwagilia urudi wiki ijayo. Chagua upande laini, kata ganda mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kushuka chini yake, kama herufi T, usiingie kwenye mti. Kutoka kwenye kijiti cha mchungwa unaoupenda, chonga jicho moja na kipande chake cha ganda, mfano wa ngao ndogo. Lishike kwa kile kikonyo cha jani ulichokibakisha. Usiliguse ndani kwa kidole, jasho lako si dawa. Litelezeshe ndani ya ile T, funga kwa utepe kuanzia chini kwenda juu ili mvua isiingie, liache jicho lenyewe lichungulie. Baada ya wiki tatu gusa kile kikonyo. Kikianguka chenyewe, jicho limeshika. Kikiwa kimekauka na kimeganda pale pale, pole.

Halafu kuna jambo la tano au la sita, sikumbuki nimefika ngapi: kila kinachoota chini ya ulipobebesha, king'oe. Kuna mzee mmoja wa kijiji cha Ole alichukua kwangu mche wa mchungwa, akauotesha kwa mapenzi makubwa. Baada ya miaka akaja kitaluni kwa baiskeli, nyuma amefunga pakacha, uso umemkunjamana. Akalimwaga pakacha mbele ya meza yangu. Malimau matupu.

"Bi Mize, mchungwa wako umeritadi."

Nikamuuliza kama uliwahi kutoa chipukizi chini, lenye miba mingi. Akasema ndiyo, tena lilikuwa zuri, linakwenda mbio, akaona akate lile jengine lililozubaa ili lisilisumbue. Yaani mzee wa watu aliukata mchungwa kwa mkono wake akaulea mlimau. Nilicheka mpaka nikashika meza, naye mwishowe akacheka. Malimau yale tuliyatia achari, na alirudi nyumbani na mche mpya.

Mambo yamebadilika. Tulipoanza tulifungia kamba za mgomba, zikioza kabla jicho halijashika. Ikaja nailoni, sasa vifuko vya barafu. Na nyie mna simu. Mjukuu wangu Raya kanionyesha mtu mmoja sijui wa nchi gani anabebesha kwa mashine inayokata kama mkasi, tap, kazi imekwisha. Nzuri, wallahi. Ila yule mtu hajamwambia Raya alowanishe kitambaa cha kufungia vijiti kwa maji gani, na hilo ndilo linalonileta kwenye kisa ambacho wenzangu walinitania nacho mpaka siku ya kuniaga.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu kazini, nimeshajiona fundi. Mzee Shaame alikwishastaafu lakini nyumbani hakukaliki kwake. Kila asubuhi alikuja kitaluni, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akatukosoa. Siku hiyo alikuja mwanamke kutoka Kisiwa Panza, mjane, mfupi, mwenye macho ya kukupima. Bi Tatu. Amepanda boti na gari ya abiria kutufuata.

"Mwanangu, nna mchungwa unakufa."

Mchungwa ule aliupanda marehemu mumewe mwaka waliooana, kwa kokwa ambayo mwenyewe hakusema kaitoa wapi. Machungwa yake madogo, ganda jembamba, matamu na mwisho yana ukali kidogo unaobaki ulimini. Ramadhani watu walituma watoto kuomba la kufuturia. Kisha maji ya bamvua yakaanza kupanda mpaka mashambani. Kisima kikaingia chumvi. Mchungwa ukanyauka upande mmoja, na mwaka wa pili sasa haujazaa hata chungwa moja la kutoa kokwa.

Nikamwambia ukweli, kwamba mizizi ikishakunywa chumvi vile sina la kuifanya.

"Mti najua haupoi," akasema. "Mie nataka lile chungwa. Nilionje tena kabla sijenda."

Sikuwa nimewahi kuombwa kazi kwa maneno kama hayo. Wiki ile ile nikaenda Chokocho nikavuka kwa boti hadi kwake. Kwenye upande wa mti uliokuwa bado mzima nikapata vijiti sita vizuri, vina macho ya kutosha miche ishirini. Nikayakata majani nikaacha vikonyo, nikavifunga kitambaa kilicholowa, nikavitia pakachani. Bi Tatu alikuwa ananifuata nyuma kila hatua.

"Sasa vino utavifanya nini?"

"Nitambebesha mlimau."

Yeye hakuliwaza neno upande wa mama mkwe wangu. Aliliona kama mama anayempa jirani mtoto ambebe kidogo, yeye ashike kazi nyengine. Akalipenda. Akalipapasa pakacha, akasema, "Haya wanangu, nendeni mkabebwe Kengeja, msilie."

Katikati ya maji mashine ya boti ikazima. Nahodha akaifungua, akaipuliza, akaisema maneno. Jua la saa sita liko utosini. Nikapapasa kitambaa: kikavu, cha moto. Nyie mliozaliwa pwani mnanielewa. Sisi tukiwa chomboni kila kitu tunakichovya baharini, samaki, pweza, mikono, hata mtandio wa kujifunikia kichwa. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikakichovya kitambaa, nikakikamua, nikavifunga vijiti vyangu vizuri, nikajisifu kwa kuwa na akili. Nikakichovya tena mara ya pili tulipokaribia.

Jioni ile nilibebesha miche ishirini, na mikato yangu Mzee Shaame mwenyewe aliisifu.

Bi Tatu alikuwa akinipigia kwa simu ya jirani yake. Hakuuliza jicho wala mche. Alianza kama tunavyoanza sote: hujambo, mumeo hajambo, watoto hawajambo, kisha akasema, "Na wanangu, hawajambo?" Nami nikajibu hawajambo, maana kweli sikujua, walikuwa bado wamefungwa.

Wiki ya tatu nikafungua. Mche wa kwanza, kikonyo kimeganda, jicho jeusi. Wa pili vile vile. Yote ishirini. Nilikaa chini kwenye udongo. Mzee Shaame akanyanyuka kwenye ndoo yake, akaangalia mikato, akaiona haina kosa. Akaomba kile kitambaa. Kilikuwa bado kimetundikwa msumarini, kimekakamaa, kina michirizi myeupe. Akakilamba.

"Mize," akasema, "ulikuwa unabebesha au unakausha samaki wa ng'onda?"

Wenzangu wote walicheka. Mimi nilitamani kujifunika kitambaa kile kile.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, simu. "Na wanangu, hawajambo?" Nyie niambieni: kwetu mtu akiulizwa watoto hawajambo, nani anajibu mmoja amekufa? Hata mwenye mtoto kitandani ana homa husema hawajambo kwanza, maradhi yatakuja baadaye katika mazungumzo. Ulimi wangu ukajibu kwa mazoea, "Hawajambo, Bi Tatu." Nilikuwa na nafasi ya kuendelea, niseme "ila". Badala yake nikaongeza, "Wanakusalimu."

Hapo sina utetezi. Hawajambo ni mazoea, lakini hiyo "wanakusalimu" niliitunga mwenyewe.

Akapiga tena baada ya siku chache, nikajibu hivyo hivyo. Mara ile Mzee Shaame alikuwa karibu, akasikia. Hakunipigia kelele. Aliniambia upande mmoja wa mti bado ni mzima, nikakate vijiti vyengine, lakini nimwambie bibi wa watu kwanza kabla sijatoa kisu. Akaniambia pia, "Safari hii usiulete mchungwa kwenye mlimau. Upeleke mlimau kwenye mchungwa, ubebeshe pale pale, uepukane na bahari."

Siku nne nzima nilitafuta visingizio. Kuna kitanda cha kupalilia, kuna mgeni nyumbani, kuna mvua. Ilikuwa aibu tu. Siku ya tano nikatia miche kumi ya mlimau kwenye tenga, chupa ya maji ya bomba mkononi, nikaenda.

Pwani ya Kisiwa Panza nikapokewa na Hamadi, mtoto wa ndugu yake Bi Tatu, mwanamume mzima mwenye mwili. Akaniwahi tenga.

"Bi Mize! Shangazi atafurahi. Tushaukata."

"Mmekata nini?"

"Mchungwa. Ukiegemea jiko, tukiogopa utamwangukia. Mwenyewe kasema ukate tu, wanangu wazima Kengeja."

"Lini?"

"Juzi."

Sikumbuki tulivyofika. Nakumbuka kisiki, na mbuzi watatu. Majani yote ya matawi wameshayala, na maganda wameyatafuna. Kilichobaki kimeanikwa juani kiwe kuni. Nikapita tawi moja moja nikikwangua kwa ukucha kutafuta ukijani. Kahawia, kahawia, kahawia. Nilipoinua kichwa Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama kwa macho yale ya kupima.

"Watafuta nini kwenye kuni zangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti kwenye takataka za mbuzi: boti, kitambaa, bahari, miche ishirini, na kwamba mara mbili nimemwambia hawajambo nikijua wamekufa. Sikuona aibu kama ile maishani mwangu, na nimewahi kuanguka msibani na sinia la wali.

Hamadi akaliweka tenga chini taratibu kama lina mayai. Aliyeukata mti kwa shoka ni yeye, na uso wake ulikuwa unaniuma kuliko wa shangazi yake.

"Mie nimeukata mti wa mume wangu kwa neno lako," akasema Bi Tatu. Akageuka, akaingia ndani.

Nikabaki na Hamadi na milimau kumi. Nilifikiri atatoka na fagio. Nikawaza boti inaondoka saa ngapi. Lakini kwetu mgeni akishafika uani, umkasirikie usimkasirikie, chai atakunywa. Akatoka na birika na vikombe, akanimiminia bila kunitazama, akanisukumia. Nikaona nikikataa nitaongeza dhambi. Nikanywa funda moja.

Nikasita. Nikanusa kikombe.

"Bi Tatu, chai hii umeitia nini?"

"Majani ya mchungwa. Kwani kwenu hamtii?"

"Majani yenyewe umeyatoa wapi, na mbuzi wamekula yote?"

"Nnalo tawi langu ndani. Hamadi alipokata nikalitwaa moja, nikalitia guniani nikalirowesha, nimeliweka chini ya mtungi. Majani yakae mabichi. Nambie, hata majani huniachii?"

Nilimwaga chai. Nasema kweli, kikombe kilikwenda upande wake na mimi nikaenda wangu, nikaingia jikoni kwa mtu bila hodi. Tawi lilikuwa pale, kwenye kigiza, mtungi wa maji ya bomba unalidondoshea tone tone, majani bado yanang'aa. Nikakwangua kwa ukucha. Kijani. Nikapiga ukelele, Hamadi akadhani nimeumwa na nyoka.

Tuliketi uani mchana ule wote. Nikahesabu macho yaliyokomaa: kumi na moja. La kwanza likaniponyoka likaanguka kwenye jivu. Bi Tatu akasema, "Hilo la jini, endelea." Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo la hasira. Nikanawa, nikavuta pumzi, nikakata. Kila nikitia jicho yeye anafunga utepe, na wallahi alifunga kunishinda. Mikono iliyosuka ukili tangu utotoni haihitaji wiki sita za Mzee Shaame. Anavuta, anapitisha, anabana, jicho linachungulia pale pale linapotakiwa. Miche kumi ikasimama mstari chini ya upenu.

Nikaiacha kwake. Nilipompigia kuuliza hali, akanijibu, "Njoo uone mwenyewe, maneno ya simu nimeyaacha." Baada ya wiki tatu nikavuka. Nilimwambia aiguse yeye. Wa kwanza kikonyo kilikuwa kimeganda, wa pili pia. Wa tatu akaugusa kwa ncha ya kidole, kikonyo kikaangukia kiganjani. Alikitazama kama kimetoka mbinguni. Kati ya kumi ilishika minne.

Mitatu aliiotesha kwenye kiambo cha Hamadi, juu, ambako bamvua haifiki. Wa nne nilikuja nao Kengeja, na macho yake nimeyagawa mpaka sijui tena yako nyua za nani. Kila niliyempa nimemwambia habari ya maji ya bahari. Wengine hucheka, wengine huuliza kwani maji ya bahari yana ubaya gani, na hao ndio ninaowasimamia mpaka wamalize.

Mwaka wa nne ikaja simu. "Njoo," akasema Bi Tatu, akakata.

Nilimkuta kiamboni kwa Hamadi, amekalia kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mbele yake kapu. Machungwa madogo, yanang'aa. Alikuwa amepungua sana mwaka ule, kanga imemvaa yeye. Hakutaka mtu mwengine amenye. Akanipa mimi kisu. Nikamenya ganda likatoka utepe mmoja, nikalikata kofia juu, nikampa kwa mikono miwili. Hamadi alisimama nyuma yangu, nilimsikia anavyopumua.

Bi Tatu akafumba macho, akalifyonza chungwa lote, taratibu, bila haraka hata chembe, mpaka likabaki nyuzi. Akafuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Silo," akasema.

Miaka minne ilinishuka miguuni. Nilijua macho ni yale yale, nimeyatoa tawini kwa mkono wangu, lakini mlimau una mambo yake, udongo una mambo yake, na nilianza kujieleza huku machozi yananitoka, kwamba mzao wa kwanza huwa maji maji, kwamba tusubiri mwakani. Hamadi akatwaa moja kapuni, hakusubiri kisu, akalipasua kwa meno. Akanyonya. Akasimama vile vile, maji ya chungwa yanamtiririka kidevuni.

"Shangazi," akasema, "mbona ndilo? Ndilo lile lile!"

"Najua ndilo," Bi Tatu akamjibu. "Nimelijua kwa harufu hata halijamenywa. Nlitaka na Mize adanganywe kidogo, aonje vilivyo."

Akanyoosha mkono nimmenyee la pili.